Rangi ya Barabara ya Viwandani

MAELEZO YA SHAHIDI WA TATU

Kuhusu: kifo cha mzazi ndani ya gari la wagonjwa, Barabara ya Viwandani
Jina: limehifadhiwa kwenye jalada
Umri: miaka 36
Kazi: mtakwimu, chumba cha ramani, ofisi ya barabara za jiji
Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya stesheni ya zamani
Uhusiano na marehemu: wifi yake
Yamechukuliwa: Alhamisi, tarehe 19 Machi, kuanzia saa nne na nusu asubuhi

Mimi ndiye niliyeelezwa hapo juu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Nimeletwa kama shahidi wa upande wa mlalamikaji, ambaye ni mdogo wangu wa tumbo moja. Naomba iandikwe mapema kwamba nitakayoyasema hayatamsaidia.

Kazi yangu ni kukadiria mwendo wa magari jijini. Sitegemei kamera wala askari. Natumia simu za wananchi. Mtu akikubali kuweka programu yetu kwenye simu yake, kila baada ya sekunde kumi simu hiyo inatuambia iko wapi na inakwenda kasi gani. Haitaji jina, inatuma namba tu. Kompyuta inazikusanya simu zote zilizo kwenye kipande kimoja cha barabara, inatafuta mwendo wa katikati, na kila dakika tano inapaka rangi kwenye ramani. Nyekundu ni foleni, njano ni mwendo wa pole, kijani ni njia wazi. Simu zikiwa chini ya saba, kipande kinabaki kijivu, maana yake hatujui.

Tulipoanza, miaka miwili iliyopita, watu walituona wapelelezi. Aliyenikwamua ni mdogo wangu. Anaendesha pikipiki ya kubeba abiria na vifurushi. Pale kijiweni wanamwita Dakika Mbili, kwa sababu ukimpigia, hata awe upande wa pili wa jiji, atakujibu, "Nipo hapo, dakika mbili." Aliwakusanya wenzake wapatao arobaini akawaambia, "Huyu ni dada yangu, hawezi kuniuza." Wote wakaiweka programu siku ileile. Simu yake ndiyo niliyoifanyia majaribio, na namba yake naijua kwa kichwa.

Mwezi Oktoba mwaka jana tulipata malalamiko kuhusu Barabara ya Viwandani. Kila alasiri ramani ilikuwa inaonyesha nyekundu wakati magari yanapita bila shida. Nilikwenda mwenyewe nikasimama pale saa nzima, juani, nikaona tatizo. Wafanyakazi wa viwanda wanatoka zamu saa tisa. Wanatembea kando ya barabara kwa mamia, simu mfukoni, na kompyuta ilikuwa inawahesabu kama magari. Nilirudi ofisini nikaandika sharti: simu yoyote inayokwenda chini ya kilomita sita kwa saa ni ya mtembea kwa miguu, isihesabiwe. Kesho yake ramani ikanyooka. Mkuu wa kitengo alinisifu mbele ya watu na kichwa kikavimba, sifichi.

Mwenzangu wa meza ya jirani aliniuliza siku hiyo, "Na magari yakisimama kabisa, si yataonekana watembea kwa miguu?" Nilimjibu, "Yakisimama yote, ramani ya nini tena? Toa kichwa dirishani." Chumba kizima tulicheka. Afande ameniuliza kama hilo lilikuwa jibu la kitaalamu. Lilikuwa kejeli. Swali lilikuwa la kitaalamu.

Januari mwaka huu niliwafundisha madereva wa magari ya wagonjwa kuitumia ramani yetu. Mtuhumiwa, dereva wa gari lile la wagonjwa, alikuwepo. Wenzake wanamwita Mzee Taratibu, na alikaa mstari wa mbele na miwani ya kusomea aliyoifunga kwa uzi. Aliinua mkono akasema, "Mwalimu, mimi hizi barabara nazijua hata nikifumba macho. Simu itanifundisha nini?" Nilimwambia, "Mzee wangu, wewe una macho mawili. Mimi nina elfu tisa." Wenzake walimcheka, naye akacheka. Kisha nikawaambia wote wasifuate mazoea, wafuate rangi, na kwamba wakiwa na mgonjwa wasiingie kamwe kwenye kijivu. Alikuwa na daftari dogo. Nilimwona akiyaandika maneno hayo.

Mnamo Jumatano tarehe 11 Machi, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri, wifi yangu alijifungua mtoto wa kike kwenye kituo cha afya cha mtaani kwao. Mdogo wangu alinipigia nikiwa kazini. Hakunisalimia hata. Alisema, "Dada, umepata wajina!" Nilisimama nikawatangazia wenzangu, wakanipigia makofi.

Saa kumi na dakika ishirini alipiga tena, sauti si ile. Alikuwa ametoka kwenda kununua nguo za mtoto, na muuguzi amempigia kwamba damu ya mkewe haikatiki. Kituo kimeita gari la wagonjwa limpeleke hospitali kuu, na hospitali kuu inataka mtu wa kumtolea damu. Aliniuliza, "Nimfuate kituoni au nitangulie?" Nilimwambia, "Tangulia. Kimbia." Ni mimi niliyesema neno hilo.

Saa kumi na dakika arobaini nilitazama Barabara ya Viwandani kwenye kioo cha kompyuta yangu. Ilikuwa kijani. Barabara ya mzunguko ilikuwa njano. Nilisema kwa sauti, "Afadhali," na nikaanza kukusanya vitu vyangu ili nimfuate wifi hospitali.

Yanayofuata sikuyaona. Nimeelezwa na muuguzi aliyekuwa ndani ya gari, na nasikia naye ameshaandikisha maelezo yake. Walifika njia panda saa kumi na dakika arobaini na nne. Muuguzi alimwambia dereva, "Baba, tuzunguke, jioni huku hakuaminiki." Dereva alimwonyesha simu, akamjibu, "Nimefundishwa nifuate rangi, mwanangu." Wakaingia. Tangu saa kumi na robo lori la kokoto lilikuwa limevunjika ekseli juu ya daraja na halikuacha hata upenyo wa gari dogo. Katikati ya barabara kuna ukuta wa zege, kwa hiyo ukishaingia hugeuzi. Magari yakawafunga nyuma. Mzee alishuka akakimbia kati ya magari akigonga vioo kwa kiganja, akiwaomba wasogee, na wenye magari walikuwa tayari kusogea ila hapakuwa na pa kusogelea. Muuguzi anasema wifi aliuliza mara mbili kama wamefika. Mara zote mbili alimwambia bado kidogo. Alikata roho saa kumi na moja na dakika kumi na nane.

Nilifika hospitali kwa barabara ya mzunguko saa kumi na moja na nusu. Mdogo wangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha damu, mkono wa shati umekunjwa, pamba imebandikwa. Alikuwa ameshatoa damu na ilikuwa inasubiri. Aliponiona alisema, "Wamechelewa kweli, dada." Alikuwa bado hajaambiwa. Na mimi sikujua, nikamwambia watakuja sasa hivi.

Tulizika Ijumaa tarehe 13. Baada ya mazishi mdogo wangu alinivuta pembeni akasema, "Yule mzee ameniulia mke. Muuguzi alimwambia azunguke, akajifanya mjuaji. Ramani ni ya kwako, dada. Nenda ukawaonyeshe polisi ilisema nini." Nilimwambia nitakwenda. Nilikuwa nimeiona kijani kwa macho yangu, na nilishindwa kumwambia. Nilitumaini kwamba rangi ilibadilika kabla gari halijaingia, na kwamba mzee hakutazama tena. Nilimtakia mabaya mtu asiye na hatia ili mimi nipone. Hilo naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu tarehe 16, saa mbili asubuhi, nilifungua kumbukumbu za kompyuta. Nakala yake nimeikabidhi kwa afande kama kielelezo. Katika dakika tano zilizoishia saa kumi na arobaini, kwenye kipande kile kulikuwa na simu 214. Kati ya hizo, 207 zilikuwa zimesimama, au zinasota kwa mwendo ulio chini ya kilomita sita kwa saa. Hao walikuwa watu ndani ya magari, wamekwama. Sharti langu liliwaita watembea kwa miguu, likawafuta wote. Zilibaki simu saba, zote za pikipiki zilizokuwa zinapenya kati ya magari. Mwendo wa katikati ulikuwa kilomita 27. Kwa barabara ile, hiyo ni kijani. Kadiri watu walivyozidi kukwama ndivyo ramani yangu ilivyozidi kusema njia iko wazi.

Sharti lile nililiondoa asubuhi ileile. Ilinichukua dakika nne.

Mkuu wa kitengo aliniita ofisini kwake siku iliyofuata, akafunga mlango. Alisema, "Ukiulizwa, jibu. Usipoulizwa, usijipeleke." Si mtu mbaya, anawaogopa wakubwa wake tu. Afande hakuniuliza simu zile saba ni za nani. Nalisema bila kuulizwa.

Moja ni ya mdogo wangu. Niliitambua namba kabla hata sijamaliza kuisoma. Iliingia kwenye kipande saa kumi na dakika thelathini na saba, ikienda kilomita 41 kwa saa, kasi kuliko zote. Sijui alipitaje kwa mwendo huo bila kujiua. Bila yake zingekuwa sita. Zikiwa sita kipande kinakuwa kijivu, na mzee yule asingeingia kwenye kijivu na mgonjwa, kwa sababu na hilo pia alikuwa ameliandika kwenye daftari. Nimezihesabu upya kila siku tangu Jumatatu. Jana nilimpa mwenzangu wa meza ya jirani azihesabu bila kumwambia sababu. Naye akapata saba.

Afande ameniuliza kama mdogo wangu alitenda kosa lolote. Hapana. Alikuwa anawahi kumtolea mke wake damu. Kosa ni sharti nililoliandika mimi, na swali nililoulizwa mapema nikalifanyia mzaha. Naomba mwandishi asiandike popote kwamba yeye amehusika kwa namna nyingine yoyote.

Afande ameniuliza kuhusu dereva. Alifanya kile nilichomfundisha. Sina lolote la kumlaumu. Asubuhi hii nilipopitishwa kwenye korido nilimwona mahabusu, ameketi sakafuni bila miwani yake. Nilitaka kumpa shikamoo, akaniwahi. Yeye akaniita, "Mwalimu." Naomba aachiwe leo, si kesho.

Afande ameniuliza mtoto yuko wapi. Yuko kwangu, ana siku nane, na ananyonya vizuri kwa chupa. Cheti chake cha kuzaliwa bado. Mdogo wangu anapita kila asubuhi kabla ya kazi kumwona, na anaponikabidhi anasema, "Haya, chukua wajina wako." Jana nilimwambia asiharakishe kuandikisha jina. Alinishangaa, akaniuliza kama sitaki. Nataka. Natamani kuliko chochote nilichowahi kutamani, ila si halali yangu kulipokea kabla hajajua.

Yeye ndiye aliyenileta hapa leo. Amekosa abiria wote wa asubuhi ili anisindikize, na anaamini ninamwandikia kesi yake. Najua kwamba mlalamikaji ana haki ya kusomewa maelezo ya mashahidi. Siombi yafichwe. Naomba asisomewe na mtu mwingine. Nitamwambia mimi, na la simu ya saba pia nitamwambia mimi, kwa mdomo wangu, hata kama baada ya hapo hataki kuniona tena.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa yote niliyoyasema, nimesahihisha tarehe moja, na sikuongeza neno la kujipunguzia lawama.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

MAELEZO YA MCHUKUA MAELEZO: Shahidi alizungumza kwa hiari, bila kushurutishwa wala kuahidiwa chochote. Alikatisha maelezo mara tatu na mara zote alitaka mwenyewe kuendelea. Kielelezo kimoja, kurasa sita, kimepokelewa. Nimepeleka jalada kwa mkuu wa upelelezi pamoja na ombi la dhamana ya dereva. Ombi la shahidi kuhusu mlalamikaji nimelikubali. Alisaini saa sita na dakika kumi mchana. Kwa kuwa mlalamikaji alikuwa anamngoja kwenye benchi la mapokezi, na kwa hali niliyomwona nayo shahidi, nilimweleza kwamba kituo kina mlango wa nyuma, na kwamba anaweza kwenda nyumbani kwanza apumzike, wazungumze wakati mwingine. Alinishukuru. Alinawa uso kwenye sinki la ofisi, akatoka kwa mlango wa mbele.