Baba, Nimeagiza Simu Dubai Nisome Mwenyewe

Baba yangu mpenzi,

Mungu akulaze pema. Maneno haya hakuna aliyeniandikia. Nimekaa barazani kwetu Gombani, naisemea simu nayo inaandika, kisha inanisomea nilichosema nipate kusahihisha. Najua ungeuliza, "Simu ya nani hiyo?" Ni yangu, baba. Nataka nikuhadithie ilivyonifikia, maana haikuja kwa urahisi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinichukua uwanjani siku za mpira? Ulikuwa ukifunga kibanda chako cha kutengeneza baiskeli mapema, ukanishika mkono, tukatafuta pa kukaa upande wenye kivuli. Watu walikuwa wakikuuliza, "Fundi, mtoto haoni huyu, umemleta kufanya nini?" Nawe ukiwajibu, "Nimemleta kutazama mpira." Kisha ukinitangazia mchezo mzima mpaka sauti inakukauka, na timu yetu ikifungwa hukunificha.

Ndivyo ulivyokuwa hata na simu yangu ndogo ya vibonye. Kila ujumbe ulinisomea neno kwa neno. Siku ile shangazi alipoandika, "Baba yako mbishi kama punda, mwambie aende hospitali," uliusoma vilevile ulivyo, ukauliza, "Haya, tumjibu nini?" Nilicheka mpaka nikapaliwa. Sasa nikikumbuka sicheki sana, maana shangazi alikuwa na haki.

Ulipoondoka, kazi ya kunisomea ikawa ya kaka Seif. Wewe ulikuwa ukinisomea, baba. Yeye alikuwa akinieleza. Nikisikia mlio nikauliza ni nani, husema, "Ah, wanakusalimu tu." Hata mteja wa mikeka yangu akiandika kirefu vipi, mie hufikiwa na neno hilohilo: wanakusalimu.

Khamis hukumjua. Ni fundi cherehani wa Mkoani. Alikuja kununua kwangu mkeka wa harusi ya dada yake, akakaa akitazama mikono yangu, akaniuliza nazijuaje rangi za miyaa ninayosukia. Nikamwambia kila rangi nimeifunga kwa fundo lake. Tangu siku ile akawa ananipigia. Tukizungumza mambo madogomadogo: nguo aliyoikata vibaya, mvua ya kwao na mvua ya kwetu. Nilikuwa nikisuka huku nikingojea simu iite. Mara akakatika. Nikimpigia hapokei. Nikajiambia basi, kachoka, na moyo nikaufunga.

Miezi ikapita, yule dada yake akaja kutaka mkeka mwingine. Akanong'ona, "Bi Zuwena, nikuulize bila ya kunikasirikia. Mbona kaka yangu ulimjibu vibaya vile?"

"Nimemjibu nini mie?"

"Alikuandikia kwamba anataka kuleta posa. Kwa mdomo aliona haya. Ukamwandikia asikusumbue tena, kama hana haya akatafute kipofu mwengine."

Baba, miyaa ilinianguka mikononi.

Seif hakukana. Alikuwa anakula, akaendelea kula. "Nimekusitiri," akasema. "Nani atakuoa weye kwa nia njema? Atakuchezea kisha akurudishe hapa. Nani atakulea?"

"Ningekataa mwenyewe, Seif. Au ningekubali mwenyewe."

"Huwezi kusoma, utayajuaje?"

Nilikaa na neno lile. Nilipoinuka nilikwenda kwa Salma, yule binti wa jirani uliyemtengenezea baiskeli ya kwendea skuli. Sasa ni mwalimu, na jioni huwaagizia watu vitu vya nje kwa simu yake: mabuibui, viatu, simu. Nikamwambia, "Nataka simu ya kioo, ile inayosema."

Hakucheka. Akanieleza kwamba siku hizi karibu zote husema, lakini zile za bei yangu madukani mjini Chake zimekwisha tumika, na sauti huzielemea zikaganda. Akatafuta katika maduka ya Dubai, akinisomea sifa moja moja: nafasi yake, betri yake, wanunuzi wanasemaje. Nilimkatiza sana. "Hiyo inasoma Kiswahili? Rudia hapo." Tukapata moja iliyoandikwa kuwa ina lugha zote. Tukaiagiza. Ilipelekwa kwa wakala wa mizigo hukohuko, ikaletwa Unguja, ikalipiwa ushuru, ikapanda boti mpaka Mkoani. Kila hatua Salma akaja kuniambia ilipofika, nami nikaona kama namsubiri msafiri wetu anarudi.

Tuliifungua hapahapa barazani. Salma akaiwasha sauti. Simu ikasema Kichina.

Akabonyeza hiki na kile, ikasema Kiingereza. Kiswahili haikuwa nacho wala haikukubali kuwekewa. Ilikuwa imetengenezwa kuuzwa Uchina. Seif alicheka mlangoni. "Haya, sasa ukajifunze Kichina." Jirani mmoja akaniambia nimshukuru Mungu walau kitu kimefika, niiuze, yaishe.

Salma aliwaandikia wenye duka. Wakajibu kuwa simu ni nzima, haina kasoro. Akawaandikia tena, hawakujibu. Nikamwambia, "Wapigie. Nipe niseme nao."

"Kwa lugha gani, dada?"

"Kwa Kiarabu."

Unakijua Kiarabu changu, baba. Ni kile ulichokuwa ukinipeleka nikakisome chuoni kwa maalim baada ya alasiri, kile cha msahafu nilichokihifadhi kwa sikio. Akapokea kijana. Nikamtolea salamu kamili, nikamwambia kwa ufasaha wote niliojaaliwa kwamba mimi ni mja wa Mwenyezi Mungu nisiyeona, kwamba walisema kitu wakauza kingine, na nikamkumbusha hali ya wanaopunja vipimo siku ya kusimamishwa mbele ya Mola wao. Kisha akauliza taratibu, "Mama, wewe uko msikiti gani?"

Salma akajiziba mdomo asicheke. Mie sikucheka. Nikamwambia niko nyumbani kwangu Pemba, na sitaki pesa wala pole, nataka simu inayosema lugha yangu. Akaniuliza kwa nini hasa. Nikamwambia, "Ili mtu asinisomee." Akasema ana dada yake asiyeona, na kwamba hilo dada yake husema kila siku. Akachukua maelezo, akatuahidi, na alipochelewa nikampigia tena, na tena, mpaka akawa anapokea kwa kusema, "Naam, khatibu wetu." Tukairudisha ile, ikaja nyingine. Safari hii nilikwenda Mkoani mwenyewe pamoja na Salma kuipokea, na sikukubali tuondoke bandarini kabla haijasema. Ikasema, "Karibu." Wachukuzi waliokuwepo wakaitikia, "Ahsante."

Kujifunza kulinitoa jasho. Kioo hakina kibonye cha kushika. Unatembeza kidole nayo inakutajia unachokigusa. Nilimpigia imamu bila ya kukusudia, nikampigia na mwenye kuuza mkaa. Na sauti yake ni ya kigeni kidogo, maneno ya Kipemba huyavunja mbavu. Lakini tulizoeana.

Siku nilipojiweza nilimwandikia Khamis. Nikamweleza kwamba posa yake haikunifikia, na yale maneno hayakuwa yangu. Jibu lilikuja mchana, nyumbani nimo peke yangu. Simu ikanisomea: "Zuwena, nisamehe sikukuuliza kwa mdomo. Nimeshaoa. Mke wangu ni mja mzito. Ningelijua, nisingekuacha."

Nilirudia kulisikiliza. Nililia, baba, nililia kweli, nikaomba mkewe ajifungue salama, nikalifuta. Lilikuwa chungu, lakini lilinifikia mimi kwanza, lote, bila ya kupunguzwa.

Seif alipoingia akauliza, "Macho yana nini?"

"Nimesoma ujumbe."

"Wa nani?"

"Wangu."

Akakaa chini mkekani, kitu asichokifanya siku hizi, akasema, "Nisamehe, Zuwena. Niliogopa. Baba alikuacha mikononi mwangu." Nikamwambia nimemsamehe kwa ajili ya Mungu, lakini simu yangu haigusi. Akasema, "Hewallah." Mpaka leo haigusi.

Nimechoka kusikitikiwa, na nimeamua kutosikitika. Mikeka naiuza mwenyewe, naandikiana na wateja mwenyewe, na akija mposaji mwengine atanisikia mwenyewe. Na si mie tu. Wiki iliyopita Salma alinipeleka kijijini Msuka, kuna binti pale haoni, akili yake kali kama wembe, hatoki ndani. Nilimwekea simu mkononi. Akakaa nayo mchana kutwa, akacheka peke yake. Tulipoaga nilimwambia baba yake tumwagizie ya kwake. Yule mzee akakuna kichwa.

"Mwanangu, huyu ataivunja."

Nikamwambia, "Akiivunja, mzee wangu, tutaagiza nyengine."

Buriani, baba. Nakuombea kila nikisoma.

Ni mie bintiyo,
Zuwena