Hakuna Aliyejifungua

S.L.P. 214,
Nsukka.
17 Januari.

Mpendwa mdogo wangu Uzoamaka,

Pokea salamu kutoka katikati ya vumbi la upepo wa harmatani. U hali gani huko Windhoek, na mgongo unakuruhusu kusimama wodini? Shemeji je, bado anakoroma? Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto hulalamika asubuhi, ikifika saa nne linanyamaza lenyewe.

Habari kubwa ni kwamba nasafiri. Kabla hujauliza, hakuna aliyejifungua. Naenda Peru, wiki kumi, peke yangu. Ndiyo, Peru ile ile niliyoichora ubaoni miaka thelathini na mmoja, nikiwachapa watoto wa watu kwa kulikosea Ziwa Titicaca. Nataka nami nilione.

Tiketi ni ya maili, zile pointi ambazo shirika la ndege humpa msafiri wake. Unakumbuka mara tatu nilizokwenda omugwo, kukanda wazazi na kuogesha vichanga: Houston mara mbili kwa Ogechi, na Calgary mara moja kwa Chijioke, maana mkewe hana mama. Safari ya kwanza mkwe wangu alinijazia fomu ya uanachama wa shirika la ndege. Kadi nikaichomeka kwenye Biblia, nikaisahau. Mwezi wa kumi wakaniandikia kwamba maili zangu ni nyingi, na nisipozitumia zitakufa mwisho wa Machi. Kumbe wale wajukuu watatu walikuwa wananichangia nauli.

Basi nimerudi kuwa mwalimu. Nina daftari, nina atlasi, nina kalamu nyekundu. Viti vya maili si kama vya kununua. Kila ndege hutoa viwili vitatu, ukizubaa vimekwenda. Kila asubuhi nikishakunywa uji napiga simu. Addis Ababa hadi Sao Paulo ilipatikana upesi, lakini Sao Paulo hadi Lima ilinikatalia mpaka nilipokubali kukaa siku mbili njiani. Binti wa kwenye simu amenizoea, siku hizi ananiuliza hali ya goti kwanza. Daktari naye amenipima moyo kwa ajili ya ile milima, akaniruhusu, mradi nisikimbie. Sasa mimi nikimbilie wapi?

Shida ni watu wetu. Jirani yangu Mama Ebuka aliponiona na sanduku jipya, kesho yake kaniletea kiungo cha uda na pilipili kavu za mchuzi wa mzazi. Nikamwambia hakuna mzazi. Akanikonyeza, akadhani naficha mimba ya mtu kwa kuogopa husuda. Jumapili kina mama wa kanisa wakaniombea mimi na "mzazi wetu wa Calgary". Jumanne Chijioke kanipigia simu: amepongezwa na watu wanne, mkewe amenuna, wanataka kujua huyo mtoto ni wa nani. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

Yeye hakucheka. Alipojua ninakokwenda, alinikumbusha kwamba Ogechi ana mimba kweli na atajifungua katikati ya Aprili, mimi nikiwa juu mlimani. Akasema maili hizo zimetokana na tiketi walizonunua wao, kwa hiyo zinipeleke Houston. Mama gani anamwacha bintiye akandwe na mtu mwingine? Uzo, neno hilo liliniuma, kwa sababu nami nilikuwa nimejiuliza hivyo hivyo. Siku tatu sikuligusa daftari. Siku ya nne nikampigia Ogechi kumwambia nakuja, mambo ya Peru basi.

Akasema, "Mama, mara zote mbili ulikaa kwangu miezi minne minne. Ulijua kliniki na duka la nepi, basi. Kila ndege ikipita juu ulikuwa unasimama dirishani, unajisemea inaelekea wapi. Ulidhani sisikii?"

Nikamuuliza nani atamkanda. Akaniambia mama mkwe wake, yule wa Umuahia, hajaitwa hata siku moja kwa sababu zamu huwa naichukua mimi, na kwamba ameshamwita. Mama wa watu alipiga vigelegele hadi simu ikakatika. "Mwache naye amshike mjukuu wake," akasema Ogechi. "Wewe nenda." Nililia, sioni haya kukuambia. Kesho yake tiketi ikatoka. Naondoka tarehe ishirini Februari. Chijioke bado amevimba, lakini ameniuliza saizi ya miguu yangu. Nahisi ananitafutia viatu vya kupandia milima.

Jana nilijaza fomu ya viza. Zile safari nyingine watoto ndio walionijazia, na penye sababu ya safari waliandika "kumsaidia mzazi". Safari hii kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikikodolea macho kile kisanduku mpaka chai ikapoa. Kisha nikaandika: kutazama.

Nisalimie sana shemeji, mpe Dumebi pongezi za mtihani, na umbusu Kaosiso kwa niaba yangu. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi, na mgongo wako aushike Yeye mwenyewe.

Wako akupendaye, dada yako,
Nwakaego