Baba Anasema Saratani Imeshakamatwa

Mpendwa Shangazi Elieshi, shikamoo. Naomba unishauri mapema kama inawezekana, kwa sababu Jumapili baba anachinja.

Mimi ni binti mkubwa, nina duka dogo Maisaka, wazazi wangu wako Mutuka. Baba ni Mbarbaig aliyetoka tambarare za Hanang na ng'ombe wake, sasa analima mahindi pia. Mwaka huu hospitali walimkuta na saratani ya tezi dume, wakachukua kinyama wakapima, wakasema imeshaanza kutembea mwilini, aanze sindano na mionzi, lakini kabla hajaanza Daktari Rahma akamwomba damu kidogo kwa ajili ya utafiti, kwa sababu wana kipande cha plastiki kidogo kama kiberiti, ndani kina vifereji vyembamba kuliko unywele, damu ikipitishwa mle seli za kawaida zinapenya na seli za saratani zinanasa, wanazihesabu.

Baba Kiswahili chake ni cha mnadani tu, hivyo mimi ndiye niliyetafsiri, na Shangazi niseme ukweli, kwetu binti hatamki ugonjwa wa sehemu ile mbele ya baba yake, basi nikawa narukaruka maneno, nikasema tu damu itapita kwenye vifereji na saratani itakamatwa. Baba akacheka, akasema kazi hiyo anaijua tangu ujana, maana ng'ombe wa jirani akizubaa baba ndiye anayeitwa, anamfunga kamba shingoni, anapiga mshipa kwa mshale, damu mbaya inatoka na ng'ombe anarudi malishoni. Akanyoosha mkono mwenyewe, akatolewa damu, tukarudi nyumbani, akatangaza amepona.

Siku ya sindano ikapita hakwenda. Daktari Rahma akanipigia kwamba seli za saratani zimeonekana kwenye damu na baba asicheleweshe tiba, nami nikamwambia baba anaitwa, akaniuliza, "Walizikuta?" Nikasema ndiyo, walizikuta. Akasema, "Sasa wananiitia nini? Mwizi akishakamatwa, mnamtafuta tena?" Mama akanivuta pembeni, "Mwache mwanangu, siku hizi analala." Na kweli analala, anakula, amealika wazee na rafiki yake Mzee Paskasi aliyechunga naye toka utotoni, ambaye Kiswahili anakijua vizuri, waje washukuru naye. Nikisema sasa namwaibisha, nikinyamaza naogopa. Je, nisubiri sherehe ipite, au ninyamaze kabisa kama mama anavyotaka?

Binti Mtafsiri, Babati

*

Marahaba, Binti Mtafsiri. Pole kwa kuuguza. Sasa kaa nikukaripie.

Daktari alikupa maneno uyafikishe kwa baba yako, ukafikisha nusu. Aibu yako naielewa, mimi mwenyewe baba yangu amefariki sijawahi kumtajia hata tumbo. Lakini aibu ikikubana unamwambia daktari atafutwe mwanaume atafsiri. Huchagui maneno yanayopitika ukayaacha mengine, halafu ukamshangaa mzee kwa kuelewa ulichomwambia.

Baba yako si mjinga hata kidogo. Amesikia damu, amesikia saratani itakamatwa, akaviweka pamoja na kazi anayoijua. Tatizo ni kwamba kile kipande si dawa, ni kipimo. Walichukua damu kidogo kwenye mrija, wakaipitisha, wakahesabu kilichonasa. Kilichonasa kiko maabara. Kilichobaki kinatembea naye huko Mutuka, na hata akitolewa damu kila wiki hakitaisha kwa njia hiyo.

Akikujibu tena habari za mwizi, mwache mwizi, mpeleke kwenye ng'ombe. Mwulize: ukimshika ng'ombe sikio ukakuta kupe, ukawabandua wale uliowaona, kundi limepona? Atakucheka. Atakuambia hao wachache ndio wanaokuonyesha kwamba kundi zima liende josho likaogeshwe dawa. Basi sindano na mionzi ndiyo josho lake, na seli zile ndizo kupe walioonekana.

Usingoje Jumapili. Leo hii nenda kwa Mzee Paskasi, mwambie kwa heshima kwamba kuna maneno ya kiume ambayo wewe huwezi kuyabeba. Mpigie Daktari Rahma simu mbele yake, daktari amweleze yote, naye aulize anavyotaka. Kisha wazee hao wawili wakae peke yao, wewe na mama mkae jikoni mpaka muitwe. Ukiitwa, usijitetee. Mwombe baba radhi, mwambie uliona haya ukapunguza maneno ya daktari. Hilo ni lako, usimwachie Mzee Paskasi.

Sherehe msiifute. Achinje, wazee wale, Jumatatu apande basi kwenda hospitali akiwa ameshiba. Aibu iko wapi hapo? Aibu ni wazee kumpongeza mtu kwa kupona huku watoto wake wanajua bado.

Mama yako msalimie. Mwambie namwonea huruma, amechoka kumsikia mume wake akigeuka kitandani. Lakini usingizi huo haumtibu.

Na jambo moja zaidi. Huenda baba akasikia yote, akaelewa yote, kisha akasema haendi. Mwili ni wake, na hapo ndipo mama atakapokuambia unyamaze nawe utanyamaza. Lakini mpaka leo baba yako hajakataa matibabu. Hakuna aliyemwambia kwamba bado anaumwa.