Kodi ya Mguu Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Karatasi nyingine mlangoni. Kodi ya majengo, malimbikizo ya miaka mitatu. Nimepewa siku thelathini, la sivyo nyumba inapigwa mnada. Mnada! Nyumba hii nimeijenga kwa fidia ya mguu wangu wa kushoto. Jeshi lilinilipa mguu, mimi nikanunua matofali. Sasa wanataka niulipie kodi mguu uliokwisha kuzikwa — jamani!

Sikuichana. Nimeibandua taratibu, nikaikunja mara nne, nikaiweka chini ya meza inayoyumba. Meza imetulia.

Jumanne, 4 Machi

Ofisi ya kodi. Ngazi ishirini na mbili, na magongo yangu. Nimezipanda zote, nikapumzika juu kama mwenye jengo.

Karani anasema sheria ipo. Askari aliyelemaa kazini, akiishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anasamehewa kodi yote. Miaka mitatu hakuna aliyefungua mdomo kuniambia! Ila ulemavu lazima ufike asilimia sabini, na asilimia inatoka bodi ya madaktari wa jeshi. Cheti changu, ati, kimepitwa na wakati. Nikamuuliza: na mguu nao umeota tena? Akacheka mpaka akaangusha muhuri. Si mtu mbaya. Kanipangia bodi wiki ijayo.

Jumatano, 12 Machi

Aibu. Sijui hata niandikeje.

Chumba kina meza ndefu, madaktari wawili wenye kalamu, na mwenyekiti wao katikati — daktari, kapteni mstaafu. Nilikuwa nimekaa vizuri, magongo nimeyaegemeza ukutani. Mguu bandia nimeuacha nyumbani, unanichubua. Yeye akafungua faili, hata kunitazama hakunitazama. Akasema tu: Sajini, simama!

Nikasimama. Mguu mmoja, bila gongo, kidevu juu, mikono ubavuni. Miaka kumi na tisa tangu nitoke jeshini, na mwili umetii kabla sijaulizwa! Nikasikia kalamu zinakwaruza. Anasimama bila msaada. Asilimia sitini.

Na mimi nikajibu nini? "Asante, afande!" Nimeshukuru! Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mazoea yana tabu.

Alhamisi, 13 Machi

Binti yangu aliacha cherehani kunisikiliza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akafuta macho akaandika rufaa. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu.

Tumegombana kidogo. Anasema safari hii nijilegeze, nigune, nimshike bega nikiingia. Nimekataa katakata. Niliendesha lori la jeshi miaka kumi na moja, na siku bomu la ardhini lilipolipuka niliegesha lori kando kwanza, wengine wapite. Sijaigiza mbele ya mtu, sitaanza na kapteni. Sitaki huruma. Nataka haki yangu!

Kisha akasema: basi Mama, kaa tu. Akikuambia simama, wewe kaa. Kukaa si kuigiza.

Nikasaini rufaa.

Jumamosi, 15 Machi

Mazoezi yameanza. Binti anajificha nyuma ya pazia la jikoni, mimi nakunywa chai, ghafla anafoka: Mguu sawa!

Nimesimama mara tatu. Chai imemwagika mara mbili. Ananiuliza, ati mguu sawa na upi? Hana adabu huyu mtoto. Lakini mtoto wa nyoka ni nyoka.

Jumatano, 19 Machi

Mara moja kati ya nne nimebaki kitini! Paja linatetemeka, lakini makalio hayajainuka.

Jumapili, 23 Machi

Jirani wa nyumba ya pili kaja na tabasamu. Anasikia kuna mnada, kwa nini nisimuuzie yeye mapema, chumba kimoja kinamtosha mtu wa hali yangu. Nikamwambia hali yangu ni ya mwenye nyumba. Nikamsindikiza mpaka getini kwa magongo, polepole, ili aione njia ya kutokea.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika hapa hapa, kwenye benchi la korido ya bodi. Magongo yangu kayachukua mlinzi, ati yanazuia njia. Kayaegemeza pale mlangoni, hatua sita.

Kando yangu kuna koplo asiye na mkono wa kulia, naye kaja kwa rufaa kama mimi. Yeye aliambiwa apige saluti. Akapiga — kwa mkono wa kushoto! Asilimia hamsini. Tumecheka mpaka mlinzi katukemea. Koplo ana nyumba ya vyumba viwili na mama mzee ndani. Karatasi yake ya mnada iko mfukoni. Yangu bado iko chini ya meza, imebakiza siku sita.

Mlango umefunguliwa. Kapteni mwenyewe, faili mkononi. Sajini, simama! Ingia!

Mgongo umenyooka wenyewe. Nimeshika ubao wa benchi kwa mkono wa kushoto, huu wa kulia unaandika. Usiponiacha, kalamu, na mimi sikuachi. Koplo kasimama — hakuitwa, masikini! — kisha kanitazama, kakaa tena.

Anarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

Nimemwambia: "Afande, magongo yangu hayo hapo karibu nawe. Niletee."

Ameyatazama. Kanitazama. Bado nimekaa.