Kilo Tatu na Nusu, Bila Chaja

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa Baba. Mimi ni mzima. Kikohozi cha mwezi uliopita kimeniacha, na wasiwasi wangu wote uko upande wenu. Baba anakula? Ule mkono wa kulia umeonyesha dalili yoyote ya kurudi miaka hii sita tangu kiharusi kimpate?

Nina habari njema, nami nitaieleza kwa utaratibu, maana najua usivyopenda habari nusunusu. Mwezi huu nimetimiza miaka saba katika karakana hii ya kuunda kompyuta. Fundi akifikisha miaka saba hupewa haki ya kuagiza mashine moja na kuichagua kipande kwa kipande kama mteja yeyote, iwe yake au ya ndugu yake. Sikuhitaji kufikiri ni ya nani. Wewe unajenga barabara za michezo ya magari kwenye kompyuta ambayo, kwa maelezo yako mwenyewe, lazima uipulizie feni ya mezani ili isizimike. Jambo hilo limenikera kwa muda mrefu, kikazi na kindugu.

Fomu ina mistari kumi na mmoja, na mwisho wa kuijaza ni tarehe thelathini na moja Machi. Ikishafungwa haifunguliwi: prosesa na kumbukumbu hulehemiwa kwenye ubao, na kilicholehemiwa hakibadilishwi. Kwa hiyo tufikiri kwanza. Mimi napendekeza kompyuta mpakato ya michezo yenye skrini ya inchi kumi na nane. Kadi ya picha iwe kubwa kuliko zote tulizo nazo, ile inayokula wati mia moja sabini na tano. Kumbukumbu gigabaiti sitini na nne, kwa kuwa barabara zako zina miti mingi. Penye nafasi ya betri kubwa nitaweka diski ya pili, na betri itakuwa ile ndogo. Itadumu dakika arobaini hivi, lakini hilo halituhusu. Wewe uko nyumbani siku zote, na soketi iko futi mbili kutoka kitanda cha Baba.

Nijibu upesi.

Ni mimi, kaka yako.


11 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba kikohozi kimekuacha. Sasa usikiite kirudi kwa kulala dirisha wazi. Baba anakula vizuri akilishwa polepole. Mkono bado. Siku hizi anazungumza kwa kijiko: anakigonga kwenye chuma cha kitanda kwa mkono wa kushoto. Mara moja ni maji, mara mbili ni kugeuzwa, mara tatu ni kwamba redio inasema uongo.

Jumanne Shangazi alikuja kukaa naye saa moja kama kawaida yake. Nilikwenda duka la dawa, dakika ishirini na moja kwenda, ishirini na moja kurudi. Zilibaki kumi na nane. Nikazunguka nyuma ya shule.

Habari ya mashine ilinichekesha peke yangu kwa furaha hadi Baba akagonga mara tatu. Asante sana, Profesa wa Skrubu. Mistari yote ijaze unavyojua wewe, isipokuwa miwili. Skrini iwe ya inchi kumi na nne. Betri iwe kubwa kuliko zote. Diski ya pili siihitaji.

Soketi unayoisifia inatoa cheche. Nimekunja kipande cha boksi nikakitia chini ya plagi isicheze.

Mdogo wako.


14 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo wote wawili. Kwa hiyo Baba bado anagombana na redio. Nimecheka, na wenzangu karakanani wakaniuliza nimepatwa na nini. Soketi hiyo mwitie fundi umeme wiki hii. Boksi si kifaa cha umeme.

Sasa mistari yako miwili. Nimeitafakari bila upendeleo, na sioni mantiki yake. Kwanza, mashine ya aina hii ikichomolewa ukutani haibaki ile ile. Kadi ya picha hupunguziwa umeme hadi chini ya theluthi, kwa sababu hakuna betri inayoweza kuilisha ishibe. Utakuwa umefunga injini ya lori kwenye baiskeli. Pili, skrini ya inchi kumi na nne ina mwili mdogo, mwili mdogo una feni ndogo, na feni ndogo hupiga kelele huku joto likibaki ndani. Hiyo ndiyo shida unayoikimbia. Tatu, meza yako iko ukutani na kitanda kiko nyuma yako. Skrini kubwa itakuruhusu kusogeza kiti nyuma, ukamwona Baba na kazi yako kwa pamoja.

Nakubali kwamba mashine ninayoipendekeza ina uzito wa kilo tatu na nusu bila chaja, na chaja yenyewe ni tofali. Lakini uzito ni hasara kwa anayebeba tu. Kwa hiyo nakuuliza kama ninavyowauliza wateja wanaong'ang'ania betri: unaipeleka wapi?

Kaka yako.


10 Machi

Mdogo wangu,

U mzima? Baba je? Hii ni wiki ya nne sijapata jibu. Hapa karakanani mteja asiyejibu kwa siku ishirini na moja huhesabiwa kuwa ameridhia mapendekezo ya fundi. Nakutania, lakini si sana.

Kaka.


22 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Sote hatujambo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Swali lako lilikuwa na jibu, na sikutaka ulipate wewe kabla ya Baba.

Kuna watu wanaotengeneza mchezo wa magari wa barabara za kweli. Waliziona zile barabara zangu ishirini na sita. Wananitaka kwa mwaka mmoja kuanzia tarehe moja Juni, nitembee miji saba kwa miguu, nipime kona na miteremko, na kila barabara niijenge papo hapo nikiwa nimesimama juu yake. Sasa unajua betri ni ya nini. Katikati ya njia hakuna soketi.

Zile ishirini na sita zote nimezitoa kichwani, Kaka. Ni barabara nilizopita utotoni nikimfuata Baba kazini, yeye akipima na kuandika, mimi nikishika ncha ya utepe. Zimekwisha. Ya mwisho ni ya duka la dawa. Kwa miaka hii sita nimeipita kila Jumanne, na kwa kukosa nyingine nimeijenga mara mbili.

Nilipomweleza Baba hakugonga chochote. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akageuza kijiko, akakishika upande wa kuchotea, akaninyooshea mpini vile vile alivyokuwa akininyooshea ncha ya utepe, niende nao mbele. Nikaushika. Hakuuvuta.

Shangazi hana magoti ya kumgeuza mtu mzima, na mwingine hakuna. Nakuomba uje kwa mwaka mmoja. Sitakuomba kwa machozi, kwa kuwa wewe unaelewa fomu zaidi ya machozi; nimekuandalia yako, imo ndani ya barua hii. Ina mistari tisa. Andika jina la mtu mbele ya kila mmoja: nani anamgeuza kila baada ya saa mbili, nani anamlisha bila chakula kumpalia, nani anakijua kijiko, na kuendelea hivyo hadi wa nane. Mstari wa tisa ni wa sababu, kama jina limekosekana.

Mdogo wako.


27 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini mnaendelea vizuri. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya lolote kuna jambo ninalopaswa kulikiri.

Fomu niliifunga tarehe kumi na tisa, siku tatu kabla hujaandika. Nilichukua ukimya wako kuwa ridhaa. Inchi kumi na nane, betri ndogo. Ubao umekwisha kulehemiwa, na aliyelehemu ni mimi. Jana nilimwendea msimamizi kumwomba tuufungue upya. Hakubishana nami. Aliweka kidole kwenye sentensi ya mwisho ya fomu, isemayo kwamba hakuna marekebisho baada ya kufungwa, akaniuliza kama naikumbuka. Naikumbuka. Niliitunga mwenyewe mwaka juzi, tulipochoshwa na wateja vigeugeu.

Kuhusu kuja, siwezi. Meza ya kazi ikikaa tupu kwa siku thelathini hupewa mwingine, na mtu aliyeachia meza hapa harudishwi. Tutafute njia nyingine. Fomu yako nitaijaza kwa uangalifu unaostahili.

Kaka yako.


30 Machi

Kaka,

Shikamoo. Baba hajambo.

Umeniundia kitanda cha pili kando ya kile cha kwanza. Usiitume.

Mdogo wako.


19 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa Baba. Sikukuandikia kwa wiki saba kwa sababu sikuwa na la kuandika ambalo lingekuwa la kweli.

Fomu yako imekaa muda wote huu chini ya kioo cha meza yangu. Mbele ya mstari wa kwanza niliandika "Shangazi" kwa penseli, nikayakumbuka magoti, nikafuta. Nikaandika "muuguzi wa kutwa", nikakikumbuka kijiko, nikafuta. Hapo karatasi imechakaa hadi inapitisha mwanga. Mstari wa tisa, wa sababu, niliujaza ukurasa mzima: meza, miaka saba, wateja wanaonitaja mimi tu. Kisha nikausoma kama ninavyosoma malalamiko ya mteja, na aliyeandika sikumwamini. Hakuwa akieleza kwa nini hawezi kuja. Alikuwa akieleza kwamba anakiogopa chumba cha Baba.

Leo nimeijaza kwa wino. Mistari yote minane ina jina moja. Nafika tarehe ishirini na nane. Mashine nakuja nayo, maana hapa hairudishwi. Naomba siku zako nne za mwisho unifundishe kijiko.

Kaka yako.


6 Septemba

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka chumbani. Baba ni mzima, na mgongo wake hauna kidonda hata kimoja. Naliandika hilo kwa majivuno ambayo sijawahi kuyapata kwa ubao wowote niliolehemu. Miguu yako je? Tangu uondoke sijapata barua. Nimepata barabara tatu, kila moja imekuja peke yake bila neno. Silalamiki, wala safari hii sithubutu kuutafsiri ukimya wako.

Naandika kwa ile mashine. Siku ya kuondoka ulipoinyanyua, ukaipima kwa mkono mmoja, kisha ukairudisha mezani taratibu kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu, niliokota chaja nikaichomeka ukutani. Wenzako wa ule mchezo walikuwa wamekuletea ile yao ndogo ya inchi kumi na nne. Hii imebaki futi mbili kutoka kitandani. Skrini yake ni pana, Baba anaiona bila kuinua shingo. Feni zake hazimwamshi. Kumbukumbu inaitosha miti yako yote. Chaja haijatoka ukutani tangu nilipoichomeka. Kikazi sina budi kusema kweli: kila kipande nilikichagua kwa ajili ya mtu asiyetoka katika chumba hiki, na nilichagua sawasawa.

Fundi umeme nilimwita siku ya pili tu baada ya wewe kuondoka. Aliitazama soketi, akasema, "Mzee, hii ni kazi ndogo, narudi sasa hivi." Boksi lako nimelikunja upya mara mbili. Jumanne Shangazi hunipa saa yangu. Ni dakika ishirini na moja kwenda, ishirini na moja kurudi. Nazunguka nyuma ya shule.

Barabara yako ya tatu tuliifungua leo baada ya kumwogesha. Mimi naendesha vibaya, na kila nikipanda ukingo Baba hugonga mara tatu. Nimekwisha kuwa redio ya nyumba hii. Tulipita soko la vitambaa, tukavuka reli, tukaingia kona ile ndefu ya kushoto. Hiyo alinirudisha mara nne, akiwa amekiinua kijiko mbele ya jicho moja, anaipima. Mara ya nne akakishusha. Nadhani umeipima vizuri.

Kisha daraja. Katikati yake barabara inaishia. Naelewa kwamba bado unaijenga. Mbele hakuna kitu, hata anga. Ni kijivu tupu. Nilisimamisha gari nikataka kuzima, Baba akagonga. Nikahesabu: mara nne. Katika orodha uliyoniachia hakuna mara nne. Nikamletea maji, akafumba mdomo. Nikamgeuza, akajirudisha kadiri mwili ulivyomruhusu, uso kwenye skrini. Akagonga tena mara nne.

Saa moja imepita. Naandika kwenye kona ya skrini; gari bado liko darajani, injini inanguruma, na umeme umekatika wakati naandika mstari huu. Betri inaonyesha dakika thelathini na nane. Yeye bado anatazama kile kijivu, na mimi sioni pa kumpeleka.

Niandikie mara nne maana yake ni nini. Na kama nawe hujawahi kuisikia, basi niandikie umefika wapi.

Kaka yako.