Mwanasesere wa Sukari Aliyekaa Kabatini

Mpendwa mshauri, Bi Inshirah, naomba msaada, na usione mwandiko mbaya ukadhani anayeandika ni mtu wa hivi hivi, shule niliiacha mapema lakini mji wa Tanta mzima, hapa Misri, hakuna asiyemjua Shehata fundi wa matairi, hata punda wa sokoni wananisalimu, sasa shida yangu ni hii: marehemu baba kila Maulidi ya Mtume alituletea vinyago vya sukari, mimi mpanda farasi mwenye upanga, dada yangu Nagiya mwanasesere mwekundu mwenye sketi ya karatasi na mapepeo mgongoni, na sikukuu ikipita mama alivivunja kwa mchi akavipika na maziwa, tunalia huku tunalamba sufuria, farasi wangu mmoja alikuwa mkubwa mpaka mlango ukang'olewa ndipo akaingia, wallahi.

Mwaka wa mwisho baba alifariki sikukuu haijapita, basi mwanasesere wa Nagiya hakuna aliyethubutu kumgusa, akakaa ndani ya kabati la Nagiya toka enzi hizo, uso umepauka, lakini ukimsogelea unasikia harufu ya maji ya waridi na ya koti la baba, mimi nikimwona narudi mtoto, na mwaka huu binti wa Nagiya, Widad, kachumbiwa, mchumba kamletea mwanasesere wa plastiki anayeimba na kuwaka taa, Nagiya akasema, "Shehata, wa baba tutamvunja siku ya Maulidi, tumpikie Widad," nikamwambia, "Dada, una wazimu? Mzungu wa makumbusho alinipigia magoti nimuuzie!" akacheka, "Mzungu gani, we mwongo, yule alikuwa anauliza choo!" alipoingia jikoni nikamtia mwanasesere ndani ya koti nikaondoka naye, sasa Nagiya hasemi na mimi, Widad analia, "Mjomba, uchumba wangu umeutia mkosi," Maulidi ni wiki ijayo, na hapa kwangu sisimizi wamemgundua, wameshamla vidole, je, nimrudishe avunjwe au nimfiche kwenye friji?

Shehata, Tanta

Shehata,

Pole, ndugu yangu. Sufuria hiyo na mimi niliilamba, najua unalilia nini. Lakini mtu mzima mwenye masharubu unamwibia dada yako sukari!

Hebu niambie, baba yako alinunua sukari ikae kabatini? Alileta ivunjwe, mwaka uliofuata akaleta nyingine. Huyu mmoja tu ndiye hajafika sufuriani. Wewe mkono wa baba yako umeuonja utoto wako wote, Widad hajauonja hata mara moja. Hilo ndilo dada yako analolitaka, na wewe unawapa sisimizi.

Friji lina unyevu, litamyeyusha, achana nalo. Inuka sasa hivi, mpanguse kwa brashi kavu, maji usiyasogeze, umrudishe kwa Nagiya. Omba radhi pale mlangoni kabla hujakaribishwa chai. Ile sketi ya karatasi haipikwi, mwombe akupe wewe. Njiani mnunulie Widad mwanasesere mpya wa sukari, aanze kuvunja wake. Siku ya Maulidi mchi ushike wewe mwenyewe, na ukitaka kulia, lia.

Mzungu usimtaje tena. Ila mkishaizunguka sufuria, wasimulie yule farasi aliyeng'oa mlango. Widad akiuliza kama ni kweli, mpe kijiko.