Zamu Yako ya Alhamisi

Nyumbani, dirisha la jikoni,
Jumapili, 8 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

U hali gani na baridi ya huko? Kifua kimepona? Vaa soksi. Sisi wazima. Mama anakula vizuri, na magoti yanamsumbua pale tu anapoombwa kufanya asichokitaka.

Heshima nimemaliza, sasa nakuja kwako.

Mgeni wako alifika kiangazi kilipoanza. Jina alilitaja, lakini kwa kuwa hakuvua tai hata alipoinama kuchungulia mfereji, sisi tunamwita Bwana Tai. Alileta picha za nyumba mia na ushee zitakazojengwa mlimani juu yetu, kila moja na mabafu mawili. Shangazi aliuliza watu wa huko juu wanachafuliwa na nini.

Ndipo tukaambiwa kwamba maji ya hayo mabafu ni ya Alhamisi. Yako. Umempa zamu yako ya mfereji, naye atakupa nyumba ya kona. Habari za ndugu yangu wa tumbo moja nimezipata kwa mtu anayeogopa kukanyaga tope. Ahsante sana.

Shangazi umemsahau? Yeye hana zamu. Anaishi kwa mabaki: Alhamisi shamba lako likishashiba, maji yanayobaki yanateremka kwenye mchicha wake. Bwana Tai ataweka pampu kwenye chemchemi yenyewe. Pampu haiachi mabaki. Wewe utakuwa na kona yako, na shangazi aliyekubeba mgongoni atamwagilia kwa mate.

Baba mdogo, ambaye siku hizi ndiye mwenyekiti wa mfereji, aliita kikao kwenye chumba chake cha cherehani. Tulikaa katikati ya suruali zisizo na mguu wa pili.

"Jamani, mimi ni mwenzenu," Bwana Tai akatuambia. "Nitafuata taratibu zote za mfereji."

"Zote?" Baba mdogo akauliza, pini mdomoni.

"Zote, mzee wangu."

"Hata ile ya zamu iliyolala?"

"Hata hiyo! Mbele ya mashahidi hawa."

Hakuuliza ni ipi. Nilimkanyaga Shangazi mguu asicheke.

Wewe unaijua, umekulia humu. Zamu isiyomwagilia shamba lake kiangazi kizima, mvua ikinyesha inashuka kwa jirani wa chini, iwe yake. Jirani wako wa chini ni Shangazi. Na tangu uondoke, nani alikuwa akiiamsha zamu yako? Mimi, kila Alhamisi, jembe begani, nikiinywesha michungwa aliyokupandia Mama, ili siku ukirudi usikute jangwa. Hukuuliza hata siku moja. Labda ulidhani inajichotea yenyewe.

Kiangazi hiki sijakwenda kumwagilia. Ubao wa kuingizia maji shambani kwako nimeushindilia kwa tope. Kila Alhamisi Bwana Tai anakuja kusimama kwenye mfereji, anaona maji yanapita, anayapiga picha, anaondoka ameridhika. Hajajiuliza yanakwenda wapi. Mchicha wa Shangazi umenenepa mpaka unatia aibu.

Michungwa imekufa. Sikufichi. Nililia, nikaendelea kuacha ubao ulipo.

Mama nilikuwa namkwepa. Juzi akateremka mwenyewe, akashika tawi, likamvunjikia mkononi.

"Nani kafunga?"

"Mimi, Mama."

Akapiga magoti, yale yale magoti, akapapasa ubao.

"Umefunga vibaya. Unavuja."

Akachota tope, akaziba.

Shangazi anakusalimu, salamu ndefu, nyingine siwezi kuziandika. Baba mdogo anasema suti yako ya kuhamia nyumba ya kona kitambaa kisikatwe kwanza. Mama hakunituma salamu, ila amesimama nyuma yangu tangu nianze kuandika. Mungu akulinde, akuzidishie afya, na akili akuangalizie upya.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ingekufikia leo, ungemshtua Bwana Tai, kesho angekuja na ndoo. Barua haina haraka, na huku mawingu yameanza kujazana mlimani. Ukifika kwenye mstari huu, nadhani sisi tumeshalowa.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda ingawa nimekukasirikia. Ukirudi nitakufungulia mlango. Ubao, hapana.